Sura ya 7: Tutajuaje Kama Mkono Unarudi?

Kila nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi huishi na swali moja: anaendelea vizuri? Jirani huuliza mlangoni, mtoto aliye mbali huuliza kwa simu, na mgonjwa mwenyewe hujiuliza usiku usingizi unapomkataa. Majibu yetu ni yale yale. Ana afadhali. Anajitahidi. Tunamshukuru Mungu. Yanatoka moyoni na hakuna ubaya kuyasema, ila hayamwambii mtu jambo analohitaji kulijua: je, wiki zote za mazoezi, pamoja na nauli za boda boda kutoka Ggaba hadi hospitali na kurudi, zimebadilisha chochote katika mkono huu?

Wataalamu wa tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, wana njia ya kulijibu swali hilo kwa namba. Sura hii inaeleza namba hizo zinapatikanaje. Inaeleza pia kwa nini zinaweza kutudanganya pale kipimo kilichotengenezewa watu wengine kinapoletwa kwetu bila kufanyiwa kazi.

Nimeichagua Ggaba kwa makusudi. Mtaa huu wa Kampala ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria unaishi kwa mikono. Mwaloni watu hupakua samaki na mkaa kutoka kwenye mitumbwi, sokoni wanawake hupara magamba ya ngege, na majumbani kuna madumu ya maji ya kubeba na matoke ya kumenya. Karibu kila kazi hapa inataka mikono miwili. Mtu aliyepoteza mmoja hupoteza kipato siku hiyo hiyo.

## Kiharusi kinaufanya nini mkono

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa sababu mshipa umeziba, au inapoharibika kwa sababu mshipa umepasuka na damu kuvuja ndani ya kichwa. Shinikizo la damu, ambalo mitaani Kampala watu huliita puleesa, ndilo chanzo kikubwa kuliko vyote. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono na mguu wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto. Kwa watu wengi lugha nayo hukaa upande wa kushoto. Ndiyo maana mtu aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi hupoteza pia maneno, au uwezo wa kuyaelewa ya wengine.

Asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa nchi tajiri. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Tanzania, katika sehemu ya Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Walipoyasawazisha matokeo kwa umri ili yaweze kulinganishwa na ya nchi nyingine, Hai ilipata wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kinazidi cha nchi nyingi za Ulaya.

Mkono uliopigwa na kiharusi haurudi kama ulivyoondoka. Kwa kawaida mwanzoni hulegea kabisa. Baadaye misuli huanza kukaza, na mgonjwa anapojaribu kuinua mkono, bega hupanda, kiwiko hujikunja na vidole hufumba, vyote kwa pamoja, atake asitake. Katika sura hii nitauita mwendo wa mkumbo: misuli mingi inakwenda kwa kundi kwa sababu ubongo umeshindwa kuituma mmoja mmoja. Nafuu ikizidi, mgonjwa huanza kutoka ndani ya mkumbo. Anaweza kuinua mkono huku kiwiko kimenyooka, au kufungua vidole bila bega kusogea. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, ingawa haikomi hapo.

Ndugu wengi hawaujui mpangilio huu, na kutoujua kunawaumiza. Wanapouona mkono ukijikunja wanadhani hali imekuwa mbaya kuliko siku ulipokuwa umelegea, kumbe mara nyingi hiyo ni hatua ya kupita.

## Kipimo kilichozaliwa Gothenburg

Mwaka 1975, katika mji wa Gothenburg nchini Sweden, daktari Axel Fugl-Meyer na wenzake walitoa kipimo cha mwendo kilichofuata mpangilio huo hatua kwa hatua. Walijenga juu ya kazi ya Signe Brunnstrom, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi Marekani, ambaye alikuwa amezieleza hatua za mwili uliopooza kurudi. Kipimo cha Fugl-Meyer kinatumika leo duniani kote, na watafiti wa tiba ya kiharusi hukitumia zaidi kuliko karibu kingine chochote cha aina yake.

Mgonjwa huombwa kufanya miendo fulani, na kila mwendo hupewa alama moja kati ya tatu: 0 akishindwa kabisa, 1 akiufanya kwa sehemu, 2 akiukamilisha. Mkono, kuanzia begani hadi vidoleni, una jumla ya alama 66. Mguu una 34. Ukijumlisha unapata 100.

Baadhi ya miendo ya mkono ni hii:

- kuutoa mkono kwenye goti la upande wa pili na kuupeleka kwenye sikio la upande wake;
- kuupeleka mkono nyuma, mpaka kiunoni;
- kuinua mkono kando hadi usawa wa bega huku kiwiko kimenyooka;
- kushika karatasi, penseli, kopo dogo na mpira wa tenisi, huku mpimaji akivivuta kidogo;
- kufumba macho na kupeleka ncha ya kidole kutoka gotini hadi puani mara tano, haraka kadiri inavyowezekana.

Mtu akiisoma orodha hii kwa mara ya kwanza huona kama michezo ya watoto. Kila mwendo una sababu yake. Wa goti hadi sikio ni mwendo wa mkumbo wenyewe, kwa hiyo mgonjwa aliyeanza kupata nafuu anaweza kuufanya mapema. Kupeleka mkono kiunoni kunataka mkumbo huo uchanganywe na kinyume chake. Kuinua kando mkono ulionyooka kunataka mgonjwa awe ametoka ndani ya mkumbo karibu kabisa. Mpimaji akipanda ngazi hizi anaona ubongo umefika wapi katika kurudisha amri yake juu ya msuli mmoja mmoja. Jicho la ndugu haliwezi kuliona hilo hata likiwa na upendo kiasi gani.

Kipimo kingine kizuri, kifupi zaidi, kilitengenezwa Kanada miaka ya 1990 na kinaitwa STREAM. Kina miendo 30, na mbali na mkono na mguu kinapima kugeuka kitandani, kusimama kutoka kwenye kiti na kupanda ngazi. Nakitaja kwa sababu kinahitaji vifaa vichache mno, na kwa kliniki ndogo hilo lina uzito.

Kwa ufupi: kipimo cha mwendo hakiulizi kama mgonjwa anajisikia vizuri. Kinaangalia mwili unachoweza kufanya leo, kinakiandika kwa alama, na kesho mtu mwingine anaweza kukirudia.

## Alama ya Ggaba na alama ya Gothenburg

Mnunuzi wa sangara pale mwaloni huuamini mzani kwa sababu kilo ya Ggaba ni kilo ile ile Jinja na Mwanza. Kipimo cha mwendo kinadai imani ya namna hiyo. Alama 40 iliyoandikwa Kampala inapaswa kueleza mkono ule ule ambao ungepata 40 Gothenburg, Bangkok au Bogotá. Hapo ndipo kazi ya kukirekebisha kipimo inapoanza, na wengi hudhani kazi hiyo ni kutafsiri tu.

Kipimo kama cha Fugl-Meyer kina maandishi ya aina mbili. Kuna mwongozo wa mpimaji, unaoeleza kiti kikae vipi na alama itolewe kwa masharti gani. Kuna pia maneno anayoambiwa mgonjwa. Thailand, ambako wataalamu husoma na kufanya kazi kwa Kithai, yote mawili yanahitaji kufasiriwa. Kampala hali ni nyingine. Wataalamu wetu wamefundishwa kwa Kiingereza na mwongozo wanausoma bila shida. Kinachokosekana ni yale maneno ya kumwambia mgonjwa. Yasipoandikwa mahali, kila mpimaji huyatafsiri papo hapo kwa kinywa chake, kwa Kiganda, Kiswahili, Runyankore au lugha yoyote anayoikuta mbele yake. Kwa maoni yangu hatari yote imejificha hapo, kwa sababu haionekani kwenye fomu. Fomu itaonyesha alama 1, na haitasema kama mgonjwa alishindwa mwendo au alishindwa kuelewa.

Chukulia amri ya kupeleka mkono sikioni. Kwa Kiswahili mkono ni kuanzia begani hadi kwenye vidole, na omukono wa Kiganda vivyo hivyo. Mgonjwa akiambiwa "weka mkono kwenye sikio" anaweza kuinamisha kichwa hadi sikio likutane na kiganja, naye amekutii kikamilifu. Ukitaja kiwiko, msemaji wa Kiswahili aliyekulia Bunia au Goma huenda hajawahi kulitumia neno hilo maishani mwake, na vidole kwake ni bidole. Barabara ya Ggaba ina familia nyingi kutoka Kongo, kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachwa pembeni. Amri nzuri haitaji majina ya viungo. Mpimaji hukaa mbele ya mgonjwa, hugusa sehemu inayohusika, hufanya mwendo mwenyewe, kisha husema kwa heshima ya nyumbani, akimwita mzee Jjajja, yaani babu au bibi: "Jjajja, niangalie kwanza. Sasa fanya hivi kwa mkono ulio mzima. Vizuri. Sasa jaribu na huu."

Kuanza na mkono mzima hakuongezi wema tu. Kunamwonyesha mpimaji mwendo kamili wa mtu huyo ukoje, kwani mzee mwenye baridi yabisi hatainua hata mkono wake mzima kama kijana. Vilevile mgonjwa aliyepoteza lugha huelewa kwa kuona. Hili ni muhimu zaidi kwa watu wetu wanaosema lugha mbili au tatu, kwa sababu kiharusi hakiharibu lugha zote kwa kipimo kimoja. Mfanyabiashara aliyezungumza Kiganda nyumbani na Kiswahili kazini anaweza kubaki na moja tu. Familia iulizwe, na lugha zote zijaribiwe.

## Kinachoruhusiwa kubadilika na kisichoruhusiwa

Maneno yanaruhusiwa kubadilika. Mwendo hauruhusiwi. Kanuni hii ni rahisi kuitamka, na inakuwa ngumu mara tu mgonjwa wa kweli anapoketi mbele yako.

Anza na nguo. Mpimaji lazima aone bega likipanda, na mgonjwa amekuja amevaa gomesi, vazi lenye mabega yaliyochongoka juu. Bega la kitambaa liko juu wakati wote na bega la mwili halionekani. Kumwambia mama mtu mzima avue mbele ya kijana asiyemjua ni kumvunjia heshima, na mwili uliojikunyata kwa aibu hausogei kawaida. Gothenburg haikuwaza gomesi. Mwongozo wetu unapaswa kuiwaza: shuka jepesi liwepo, mhudumu wa kike awepo, na mgonjwa aambiwe siku moja kabla avae nini. Mama wa Kiislamu mwenye baibui anahitaji maandalizi yale yale.

Kiti nacho kina masharti. Mgonjwa akipimwa nyumbani, mara nyingi utamkuta ameketi kwenye mkeka, miguu imekunjwa upande mmoja. Mkono ukipimwa mgonjwa akiwa ameketi hivyo utatoa alama nyingine, kwa sababu kiwiliwili chenyewe hakijatulia. Benchi la mbao linafaa, mradi nyayo zifike chini na urefu uleule utumike mara ya pili.

Vifaa navyo vinahitaji akili. Mpira wa tenisi umewekwa ili kuona kama vidole vinaweza kuzunguka kitu cha mviringo. Ukikosekana, chungwa la ukubwa ule, yaani sentimita kama 6 na nusu kupita katikati, litafanya kazi hiyo hiyo. Embe halitafaa, kwa sababu umbo lake linabadilisha mshiko. Penseli haina shida mpaka ukutane na mtu ambaye hajawahi kuandika. Hapo muulize kama anashika sindano au mshumaa, umwonyeshe kwa vidole unataka nini, kisha umpe penseli ile ile.

Kikishaandikwa hivi, kipimo kinapitishwa katika majaribio ambayo dunia nzima imekubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Watu wawili wanatafsiri amri kila mmoja peke yake, na ni vizuri mmoja wao asiwe mtu wa hospitali. Tafsiri hizo zinaunganishwa. Mwingine ambaye hajauona mwanzo anazirudisha katika lugha ya asili, na tofauti zinajitokeza zenyewe. Hii huitwa tafsiri ya kurudi. Kikao cha wataalamu wa tiba, wa lugha na wagonjwa wenyewe kinaamua. Kisha amri zinajaribiwa kwa wagonjwa wachache, na baada ya kila amri wanaulizwa: umeelewa unatakiwa kufanya nini? Mwisho unakuja mtihani wa kuaminika. Wapimaji wawili wanampima mgonjwa mmoja bila kuonyeshana alama, na mpimaji mmoja anarudia baada ya siku chache. Mmoja akitoa 41 na mwenzake 29, tatizo liko kwenye kipimo au kwenye mafunzo, na hakuna ruhusa ya kumwambia mgonjwa lolote kuhusu maendeleo yake mpaka litatuliwe.

Kwa ufupi: badilisha maneno, nguo, ruhusa na namna ya kuonyesha. Usibadilishe mwendo, mkao wala masharti ya alama.

## Uganda imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana

Mwaka 2016 Julius Kamwesiga, Mganda mtaalamu wa tiba kazi, yaani tiba inayomrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku, alichapisha pamoja na wenzake wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden kazi ya kukirekebisha kipimo kiitwacho Stroke Impact Scale kwa matumizi ya Uganda. Kipimo hicho kilitoka Marekani na ni cha aina tofauti na cha Fugl-Meyer. Mgonjwa haangaliwi akifanya mwendo, bali huulizwa maswali 59 kuhusu nguvu, kumbukumbu, hisia, mawasiliano, matumizi ya mkono na ushiriki wake katika maisha. Kwa kuwa kila kitu kiko katika maswali, baadhi yake ilibidi yaandikwe upya ili yafanane na maisha ya hapa, na matokeo yakajaribiwa kwa wagonjwa wa Kampala.

Timu hiyo iliendelea. Ilijaribu mpango wa tiba unaotumia simu za mkononi: mgonjwa na familia yake walichagua shughuli tatu walizotaka zirudi, na ujumbe mfupi wa kila siku ukawakumbusha. Naipenda kazi hii kwa sababu ilianza na kile mgonjwa anachokitaka. Upande wa kipimo cha mwendo unastahili juhudi ya namna hiyo hiyo, tena kazi yake ni nyepesi kwa kuwa maneno ni machache.

## Ambacho alama 66 hazikioni

Hata kikirekebishwa vizuri namna gani, kipimo cha mwendo kina mipaka. Kinapima mkono mmoja kwa wakati. Kumenya ndizi ya matoke kunataka mkono mmoja ushike tunda linaloteleza kwa utomvu huku mwingine ukiongoza kisu, na mtu anaweza kupata alama nzuri bado akashindwa. Mvuvi anaweza kufikia alama za juu kabisa, ambako kipimo hakina tena pa kupanda, na asiweze kuvuta wavu kwa saa nzima. Wataalamu huiita hali hiyo dari ya kipimo.

Kuna mambo mengine ambayo vipimo vya Ulaya na Marekani havikuwahi kuyauliza. Choo cha shimo kinataka mtu achuchumae na kuinuka bila cha kushika. Abiria wa boda boda lazima ainue mguu au akae upande huku pikipiki ikiyumba. Mwanamke wa Kiganda aliyelelewa kimila hupiga magoti anaposalimia wakubwa, na asipoweza tena kushuka na kuinuka huanza kujificha wageni wanapofika. Nadhani hasara hiyo ya mwisho inaumiza kuliko nyingi tunazoziandika kwenye faili, na haina hata mstari wa kuandikwa.

Jibu si kuviingiza vitu hivi ndani ya Fugl-Meyer. Ukiongeza kupiga magoti kwenye zile alama 100, umevunja ulinganifu wote uliohangaikiwa. Watafiti wa Hai waliofanya kazi na wazee wenye matatizo ya kumbukumbu walichukua njia bora: walitunga orodha mpya kabisa ya shughuli zenye maana kijijini, mathalani kutoa ushauri unaoheshimiwa. Ggaba inahitaji orodha yake, fupi, ikae kando ya kipimo cha mwendo: kuchuchumaa, kupiga magoti, kupanda boda boda, kumenya matoke, kupara samaki, kuingia na kutoka mtumbwini. Watungaji wake wa kwanza wawe wauza samaki na wavuvi waliowahi kupigwa na kiharusi, kisha wataalamu waipange.

## Ukimpeleka mgonjwa wako

Huna haja ya kusubiri utafiti ukamilike ili kunufaika. Ukifika hospitali, iwe Kiruddu, Mulago, Nsambya au kliniki ya mtaani, waweza kuomba mambo haya kwa upole:

- Mgonjwa apimwe kwa kipimo cha mwendo kinachojulikana siku ya kwanza ya mazoezi, kabla nafuu haijaanza kuhesabiwa kwa macho.
- Uambiwe alama kwa namba, pamoja na alama ya juu kabisa inayowezekana. "28 kati ya 66" ni habari, "ana afadhali" si habari.
- Uliza mabadiliko yana maana kiasi gani. Kwa mkono, katika kipimo cha Fugl-Meyer, ongezeko la pointi 1 au 2 linaweza kuwa tofauti ya wapimaji tu. Kwa wagonjwa waliokwisha kukaa na kiharusi muda mrefu, mabadiliko yanayoonekana katika maisha huanzia pointi 4 hadi 7 hivi.
- Upimaji urudiwe kwa mkao ule ule, na ikiwezekana na mtu yule yule.
- Alama na tarehe ziandikwe kwenye daftari linalobaki kwa mgonjwa, kwa sababu akihamia hospitali nyingine faili halimfuati. Pembeni yake iandikwe lugha aliyopimwa nayo, na kama alionyeshwa mwendo au aliambiwa kwa maneno tu.